Migingo: Mwamba mdogo unaopima ujirani wa Kenya na Uganda

KISIWA cha Migingo, kilichoko katika Ziwa Victoria mkabala wa Nyatike, Kaunti ya Migori, ni mwamba wa takriban nusu ekari. Hata hivyo, kimezua mvutano wa miaka mingi baina ya Kenya na Uganda, mataifa waasisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC).

Nchi hizi zinategemeana tangu enzi za ukoloni. Hadi mwaka wa 1902, eneo la Nyanza lilikuwa sehemu ya mkoa wa mashariki wa Uganda, kabla ya Waingereza kulihamishia upande ambao leo ni Kenya. Uganda, isiyopakana na bahari, hupitisha sehemu kubwa ya shehena yake katika bandari ya Mombasa, nayo Kenya imeiuzia jirani yake bidhaa za viwandani kwa miongo mingi.

Kiini cha mzozo ni sangara, ambaye wenyeji humwita mbuta. Minofu yake huuzwa ng'ambo. Samaki huyo alipoadimika karibu na ufuo, wavuvi walimfuata kwenye kina kirefu, na Migingo ikawa kambi iliyosongamana vibanda vya mabati.

Mpaka wa ziwani uliwekwa na amri ya Waingereza ya mwaka wa 1926. Kwa kuufuata, kisiwa kiko upande wa Kenya, takriban mita 500 kutoka mpakani. Lakini mvuvi anayeelekea magharibi huingia Uganda punde tu anapong'oa nanga. Kenya humiliki asilimia 6 pekee ya ziwa hilo. Sehemu iliyosalia ni ya Tanzania na Uganda.

Mwaka wa 2004, polisi wa Uganda walipiga kambi kisiwani na kupandisha bendera. Mzozo ulitokota mwaka wa 2009, ambapo vijana wa Kibera, Nairobi, waling'oa reli iendayo Uganda. Mwezi wa Mei mwaka huo, Rais Yoweri Museveni alikiri kwamba mwamba ni wa Kenya, lakini akashikilia kuwa maji ni ya Uganda. Serikali hizo mbili zilikuwa zimekubaliana kuupima mpaka kwa pamoja.

Soko la pamoja la EAC, lililoanza Julai 2010, lililegeza vikwazo kwa bidhaa na wafanyakazi. Halikufuta mipaka ya uvuvi. Ndiposa wavuvi wa Migori, na wenzao wa Mbita, Remba na Ringiti katika Kaunti ya Homa Bay, wamekuwa wakilalamikia kukamatwa na kupokonywa nyavu, injini na samaki.

Kwao, swali la mwamba ni wa nani ni nusu tu ya shauri. Hata Kenya ikitambuliwa kuwa mmiliki wa Migingo, mvuvi bado atahitaji mkataba utakaomruhusu kutega nyavu ng'ambo ya mpaka na kurejea nyumbani salama.