Baiskeli ya Baba: Tuivishe au Tuiache Uchi?

Nimerudi kampasi Jumapili usiku, bado nina vumbi la Mikumi masikioni. Nilikuwa nyumbani Michenga, kule Ifakara, wiki mbili nzima. Wengi mnauliza nimeleta mchele. Mchele upo, njooni. Ila leo naandika juu ya ugomvi mdogo kati yangu na mzee, na kwa vile nasoma Historia nimejikuta nimeugeuza kuwa somo. Mtanivumilia.

Kisa chenyewe hiki. Mimi na kaka yangu anayekata miwa Kidatu tulichanga hela (upande wangu ni bumu, si mnajua tulivyokula maharage muhula mzima) tukamnunulia baba baiskeli mpya, Phoenix, pale Ifakara mjini. Fundi akaiunga chini ya mwembe, nikaiendesha mwenyewe hadi nyumbani. Fremu ilikuwa bado na makaratasi ya kiwandani. Nikaanza kuyabandua ili mzee aone rangi inavyong'aa.

Baba akanishika mkono. "Acha! Nani kakwambia uivue?"

Yeye alishaandaa mipira miwili ya zamani, ameikata vipande virefu kama mkanda. Anataka aizungushie fremu yote, kuanzia bomba la juu hadi kwenye uma wa mbele, ili isichubuke. Mimi nikasema hapana, utaiozesha. Basi bwana, kuanzia saa tisa mpaka mama akaita chakula tulikuwa bado tunabishana.

Sasa turudi nyuma kidogo. Bonde la Kilombero ni tambarare, na kwa hiyo baiskeli ililipenda. Enzi za Mwingereza wakulima wa huku waliuza pamba na mpunga, na aliyepata hela ya maana alinunua Raleigh. Hiyo ni kampuni ya Nottingham, Uingereza, iliyoanza miaka ya 1880. Baiskeli nyeusi, chuma kitupu, rangi yake imeokwa kwenye tanuri. Babu yangu alikuwa nayo. Nikamuuliza baba: babu aliivisha mipira tangu mwanzo? Akafikiri, akasema hapana. Zamani ilikuwa wazi, babu aliipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kila Jumamosi. Mipira alianza kuizungushia baadaye, "wakati wa shida."

Hapo ndipo masikio yangu ya Historia yakasimama. Shida ipi?

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, uagizaji wa bidhaa uliingia mikononi mwa mashirika ya umma. Tukawa na baiskeli yetu wenyewe, Swala, iliyotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya taifa, NABICO. Wachina nao wakajenga TAZARA kati ya 1970 na 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ikipita hapa hapa Ifakara na Mlimba. Mkopo ulikuwa hauna riba, na sehemu ya gharama za humu nchini ililipwa kwa bidhaa za Kichina zilizouzwa madukani kwetu. Yaani mzee aliyenunua kitu cha Kichina dukani alikuwa anachangia reli bila kujua. Phoenix na Forever, zote za Shanghai, zina umbo lile lile la Raleigh: magurudumu makubwa, fremu nzito, keria ya kubeba gunia.

Halafu ikaja vita ya Kagera, 1978 na 1979, na mafuta yakapanda bei duniani. Fedha za kigeni zikaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse baiskeli. Mwaka 1983 wakakamatwa wahujumu uchumi, na mwaka 1984 serikali ikaanza kulegeza, mwenye fedha zake za nje akaruhusiwa kuagiza vitu. Katikati ya hapo, mtu mwenye Raleigh ya miaka ya 1950 angeifanyaje? Rangi ya kupaka hakuna. Spea hakuna. Anaivisha. Nilivyoelewa mimi, mipira ya babu haikuwa urembo. Ilikuwa njia ya kusema kwamba kitu hiki kikiharibika hakuna kingine.

Tatizo ni kwamba mwisho wake niliuona kwa macho. Nikiwa mdogo ile Raleigh ilikuwa imeegemezwa nyuma ya jiko. Siku tulipoikata mipira, bomba la chini karibu na pedeli lilikuwa na matundu, unaingiza kidole. Huku kwetu mvua za masika zikikolea mashamba yanageuka ziwa. Maji yanaingia chini ya mpira, hayatoki. Jasho nalo lina chumvi. Mchanga ukinasa mle ndani unasugua rangi kama msasa, taratibu, kila unapopita kwenye mashimo. Kwa nje inaonekana imevaa vizuri kumbe ndani inaliwa.

Nikamwambia baba hayo yote. Nikajiona nimeshinda.

Mzee akanyamaza kidogo. Akaniuliza: "Na ile Phoenix yangu ya kwanza unaikumbuka?"

Naikumbuka. Ilivishwa mipira tangu siku ya kwanza.

"Uliposhika barua ya kidato cha tano, godoro, sare na nauli vilitoka wapi?"

Wadau, nilikuwa sijui. Nilidhani ni mpunga. Kumbe mpunga wa mwaka ule uliliwa na mafuriko. Baba aliipeleka Phoenix mjini, akaikata mipira mbele ya mnunuzi, na ndani rangi ilikuwa kama imetoka dukani leo. Ikanunuliwa siku hiyo hiyo, bila kupunguziwa bei. Miaka yote iliyofuata alitembea kwa miguu kwenda shambani, na mimi nilikuwa nikimtania kwamba anapenda mazoezi.

Du. Nikakosa la kusema.

Kwa hiyo kumbe tulikuwa tunabishana juu ya vitu viwili tofauti. Mimi natazama chuma kitakachodumu miaka 20. Yeye anatazama benki. Mkulima asiye na akaunti anaweka akiba kwenye kitu kinachouzika haraka, na mchubuko unapunguza akiba. Babu aliivisha kwa sababu hakuna nyingine, baba anaivisha kwa sababu kuna siku itabidi iondoke. Mpira ni ule ule, sababu ni mbili.

Tumekubaliana hivi. Makaratasi ya kiwandani yametoka yote, maana yale yananyonya maji kama sponji. Tumepaka grisi nyembamba. Mpira tumeuzungushia bomba la juu tu, na pale nyuma gunia linaposugua kwenye keria. Bomba la chini na kwenye pedeli pako wazi, maji yapite. Na masika yakiisha, mipira inakatwa, fremu inapanguswa, inafungwa mingine. Baba amekubali, ila jana kaka kanipigia akasema mzee ameongeza kipande kimoja kwenye uma wa mbele. Nimemwambia amwache.

Mimi ninachoomba ni kimoja tu: hii isiuzwe kwa ajili yangu. Mitihani inaanza wiki ijayo, ngoja nikasome.