Kabla ya The Matrix: muvi ya wauaji iliyowauma waandishi wake

Wapenzi wa muvi za mapigano, mnaikumbuka Assassins ya 1995? Sylvester Stallone ni Robert Rath, muuaji wa kukodiwa anayetaka kustaafu. Antonio Banderas ni Miguel Bain, kijana mwenye uchu wa kumng'oa kwenye namba moja.

Sasa utamu ndo uko hapa. Stori hiyo waliiandika Wachowski wawili, enzi hizo hawajulikani kabisa. Mwongozaji Richard Donner akamleta Brian Helgeland aiandike upya. Wachowski wakataka majina yao yatolewe, ikashindikana.

Baada ya hapo wakakomaa kuongoza kazi zao wenyewe: Bound ikatoka 1996, The Matrix 1999. Dunia ikawajua.

Ukishauza wazo, kalamu anaishika mnunuzi. Ungekuwa wewe, ungeuza?