UA USIO NA LANGO

Somo: Kutoka 22:5

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo halisikiki sana mimbarani, ingawa kila mzee wa kanisa aliyepata kuitwa kupatanisha majirani alijua vizuri. Ni jambo la ng'ombe aliyeingia katika shamba la mtu mwingine. Amekula mahindi, amekanyaga maharagwe, na mwenye shamba ataka alipwe. Mwenye ng'ombe naye ajibu, "Mbona hukuweka ua?"

Basi, ni nani mwenye haki? Je, ni juu ya mfugaji kumzuia mnyama wake asitoke, au ni juu ya mkulima kumzuia asiingie? Swali hili ni la kale sana, na katika nchi moja lilileta vita kati ya majirani.

Torati yalijibu waziwazi. Twasoma katika Kutoka, sura ya 22, mstari wa 5, kwamba mtu akimwacha mnyama wake ale katika shamba la mwenzake, imempasa kulipa. Wala hawezi kulipa kwa mavuno yaliyodumaa, bali hutoa katika yaliyo bora ya shamba lake na ya mizabibu yake. Angalieni vema: Torati haimwulizi mkulima kwanza kama alikuwa na ua. Na huko Babeli, karibu miaka 1750 kabla ya Kristo, sheria za mfalme Hammurabi zilimtaka mchungaji aliyelisha kondoo shambani pasipo kupatana na mwenyewe amlipe nafaka. Anayepata faida ya mnyama ndiye abebaye mzigo wa madhara yake.

Waingereza nao walifuata njia hiyo kwa karne nyingi. Ng'ombe, kondoo, mbuzi au nguruwe akivuka mpaka na kuharibu, mwenyewe alilipa hata kama hakuzembea. Mwenye shamba aliruhusiwa kumkamata mnyama na kumshika mpaka alipwe, na vijiji vingi vilikuwa na zizi maalumu kwa kazi hiyo. Uingereza ilipotunga Sheria ya Wanyama mwaka 1971, kanuni za kale ziliondolewa, lakini shina lake lilibaki: mwenye mifugo hulipa.

Hata hivyo, walijua pia kwamba mwanadamu hawezi kuishi bila kuvumiliana. Mwaka 1882 mahakama yao iliamua kesi ya ng'ombe aliyekuwa akipitishwa katika barabara za mji wa Stamford. Ng'ombe huyo aliponyoka akaingia katika duka la vyombo vya chuma. Mwenye duka alidai fidia akaikosa, kwa sababu wachungaji hawakuzembea, na anayeishi kando ya barabara ambayo watu wote wana haki ya kuipita hana budi kuvumilia kidogo.

Sasa na tuvuke bahari twende Marekani, maana huko sheria hii iligeuzwa chini juu. Wazungu wa kwanza waliofika pande za Virginia walikuta misitu mikubwa, na watu wachache wa kuchunga. Wakawaacha ng'ombe na nguruwe watembee msituni wajitafutie chakula. Kwa hiyo sheria ikasema kwamba mkulima ndiye atakayezungushia shamba lake ua imara. Asipofanya hivyo, hana madai. Mti ulikuwa tele, na ua wa magogo haukuwa kazi ngumu.

Lakini watu walipohamia magharibi walifika kwenye nyanda za majani zisizo na miti. Mwaka 1862 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kuwapa walowezi ekari 160 kila mmoja katika ardhi ya taifa. Mtu maskini akapata shamba, ila hakupata mti hata wa kujengea ua. Wakati huo huo, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, makundi makubwa ya ng'ombe yaliswagwa kutoka Texas kwenda Kansas kupandishwa garimoshi. Ilikuwa vigumu sana kwa mkulima wa ekari 160 kujikinga na ng'ombe elfu mbili. Ndiyo sababu mwaka 1872 jimbo la Kansas liliruhusu kaunti zake kurudi kwenye kanuni ya zamani, yaani mfugaji achunge, na asipochunga alipe.

Ndipo ikaja seng'enge. Tarehe 24 Novemba 1874, mkulima mmoja wa Illinois, jina lake Joseph Glidden, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa waya wenye miiba. Mwaka huo viwanda vya Marekani vilitengeneza karibu ratli 10,000 za waya huo. Mwaka 1880 zilikuwa zaidi ya ratli milioni 80. Wako watu waliouita kamba ya shetani, kwa jinsi ulivyowachana wanyama ngozi. Lakini kwa mkulima mdogo ulikuwa msaada mkubwa, kwani kwa gharama ndogo aliweza kulinda jasho lake.

Tatizo ni kwamba seng'enge haichagui wa kumtumikia. Katika Texas matajiri wa ng'ombe walianza kuzungushia maelfu ya ekari. Wengine walizungushia ardhi yao wenyewe, na hilo halikuwa kosa. Lakini wengine walizungushia ardhi ya umma pamoja na mashamba ya watu wadogo. Waya ukakatiza barabara. Ukazuia barua zisifike. Ukafunga njia za kwenda shuleni na kanisani. Mwaka 1883 ukaja ukame mkali, na watu wenye ng'ombe wachache wasio na ardhi wakaona majani na maji kwa macho, lakini miiba iko katikati.

Basi usiku wakaanza kutoka na makoleo. Makundi ya siri yalikata waya maili kwa maili, na kuacha vitisho vya maandishi kwa yeyote atakayeujenga tena. Zaidi ya nusu ya kaunti za Texas zilipata habari za ukataji huo. Watu wasiopungua watatu waliuawa, na hasara ilikisiwa kuwa dola milioni 20. Wakataji hawakubagua. Walianza kwa kukata ua wa mnyang'anyi, wakaishia kukata hata ua wa mtu aliyelinda haki yake.

Gavana John Ireland aliita baraza la kutunga sheria likutane kwa dharura mwezi wa Januari 1884. Twaomba mwisikilize kwa makini sheria waliyoitoa, maana ilikuwa na ncha mbili. Kwanza, kukata ua wa mtu kulifanywa kosa kubwa la jinai, adhabu yake kifungo cha mwaka mmoja hadi mitano. Pili, kuzungushia ardhi ya umma au ya mtu mwingine bila ruhusa nako kulifanywa kosa, na waliokwisha kufanya hivyo walipewa miezi sita wauondoe waya wao. Tena, mtu ambaye ua wake ulikatiza barabara ya umma alilazimishwa kuweka lango kila baada ya maili tatu, na kulitunza. Mwaka uliofuata, 1885, bunge la taifa lao nalo lilipiga marufuku kuzungushia ardhi ya umma.

Hatusemi kwamba haki ilitendeka sawasawa. Mkata waya alitishwa kwa jela, na mnyang'anyi wa ardhi alipewa miezi sita ya kujirekebisha. Fitina haikuisha siku hiyo. Mwaka 1888 askari mmoja wa Texas, Ira Aten, alifikia hatua ya kutega baruti kwenye nyua ili zimlipukie atakayezikata. Wakuu wake walimwamuru aziondoe. Walitambua kwamba uhai wa mtu, hata mtu mkosaji, una thamani kuliko waya.

Ua ule haukuwadhuru maskini peke yao. Kaskazini mwa Texas wenye ng'ombe walijenga ua mrefu, karibu maili 200, ili ng'ombe wa kaskazini wasishuke kula malisho yao wakati wa baridi. Katika majira ya baridi ya 1885 na 1886 tufani ya theluji iliwasukuma wanyama kwenda kusini, kama ilivyo desturi yao kuikimbia. Walipofika kwenye waya wakasimama. Hapakuwa na mahali pa kupitia. Walisongamana, wakafa kwa maelfu. Kilichojengwa ili kulinda mali kikaangamiza mali.

Wapendwa, Texas ni mbali, lakini jambo hili liko karibu nasi. Sheria yetu ya Kenya ya 1967 inayohusu kazi za mahakama huziruhusu zitumie kanuni za kale za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali ya nchi na wenyeji wake inavyoruhusu. Na nyua zetu nazo zina historia. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulihimiza vipande vya ardhi viunganishwe, vipimwe na kuandikishwa, na hapo miti ya kayaba na seng'enge ikaanza kuonyesha mipaka. Baadaye, katika Kajiado, ranchi za vikundi zilizoundwa chini ya sheria ya 1968 ziligawanywa mtu na kipande chake. Hati ikaleta amani kwa wengi. Lakini ukame ujapo, mvua hunyesha upande mmoja na upande mwingine pakakauka, na ng'ombe aliyezoea kuifuata mvua hukutana na waya.

Basi tujifunze nini? Wewe mwenye mifugo, usimwambie mkulima, "Mbona hukuweka ua?" Mnyama ni wako, maziwa ni yako, na madhara yake ni yako pia. Nenda kwa jirani yako kabla hajaitwa chifu, ulipe, na ulipe kwa kilicho kizuri. Usimpe ndama mgonjwa.

Na wewe mwenye shamba, kuweka ua si dhambi. Lakini kabla hujachimba shimo la nguzo, tembea kwanza katika mpaka huo ukatazame kilichomo njiani. Je, mama fulani hupita hapo kwenda mtoni? Je, watoto hupita hapo kwenda shule? Je, ndiyo njia ya ng'ombe kwenda kwenye josho? Kama ndivyo, weka lango. Hati yako haitapungua hata inchi moja. Ua wenye lango humlinda mwenye shamba na haumfanyi jirani kuwa mwizi. Ua usio na lango humfundisha jirani kununua koleo.

Nasi tulio wazee wa kanisa, tukiitwa kuamua, tusitazame tu waya uliokatwa. Tuulize pia waya huo ulipita wapi.

Tuombe. Ee Bwana, uliye na nchi yote, utufundishe kulipa tunachodaiwa, na kuacha njia wazi kwa jirani zetu. Amina.