Shajara ya Tafakuri, Si Jarida Akisi

Nimekutana tena na "jarida akisi", tafsiri ya "reflective journal", katika maelekezo ya kozi ya mtandaoni ya walimu wanafunzi. Kamati iliyolizaa jina hilo siitaji, wenyewe wanajijua. Maneno yote mawili yamekosewa, na kosa la jarida ni zito kuliko la akisi.

Akisi imetoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kugeuza au kurudisha kinyume, ndipo fizikia yetu ikapata uakisi wa mwanga. Mwanga ukigonga kioo hurudi tu. Haupimi wala hauchagui. Lakini mwanafalsafa John Dewey, katika kitabu chake cha mwaka 1910 kuhusu namna tunavyofikiri, alieleza fikra yenye bidii na subira, inayoikagua imani kwa kutazama misingi iliyoishikilia. Huko ni kutafakari. Shina ni lile lile la fikra na fikiri, ila umbo la Kiarabu la tafakkara humrudishia mtendaji tendo lake: mtu anajifikirisha. Kiswahili kilipokea kitenzi, tafakari, kikapokea na nomino, tafakuri. Tuna jozi kamili, na bado wapo wanaokimbilia maabara ya fizikia! Kwa wasemaji wa Dholuo huku kwetu Otonglo, Kisumu, maana hii si ngeni hata kidogo: paro ni kuwaza, na ni kukumbuka pia.

Jarida nalo kwa Waarabu lilikuwa kuti la mtende lililoambuliwa majani, baadaye likawa gazeti. Kwetu jarida huchapishwa, huuzwa, husomwa na umma. Sasa mchukue mwanafunzi aliyepanga chumba hapa Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu–Busia, anayesomea ualimu Maseno kwa mtandao. Ametoka kwenye mazoezi ya kufundisha, na kipindi cha hisabati kimemshinda mbele ya darasa zima. Ukimwagiza aandike jarida, ataandika ya kumpendeza msomaji. Atasema somo lilifana, na hapo zoezi zima limekufa.

Shajara haimtii hofu ya msomaji. Kwa Mwarabu shajara ni mti, na shajara ya nasaba ni ukoo uliochorwa matawi yake. Kwa Mswahili ni kitabu cha mtu cha kila siku, ambacho mwingine hakifungui bila idhini. Faragha imo ndani ya neno lenyewe, haihitaji kuongezewa kivumishi. Wapo wanaopendekeza daftari la tafakuri. Daftari lina nasaba ndefu, limepitia Kiarabu kutoka Kigiriki, ambako lilikuwa ngozi iliyotengenezwa, na nasaba hiyo naiheshimu. Lakini kwa mwanafunzi wa Kenya daftari ndilo linalokusanywa mezani pa mwalimu na kurudi limejaa wino mwekundu.

Katika matumizi: shajara ya tafakuri huandikwa baada ya kipindi, hufunguliwa na mwandishi na mkufunzi wake tu, na haisahihishwi sarufi.

Niliwahi kuliwasilisha pendekezo hili kwa maandishi, pamoja na hoja zote hizi. Nilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba shajara ni neno la kizamani. Lakini uandishi wa shajara unafundishwa katika Kiswahili cha sekondari nchini Kenya hadi leo, na kila mwalimu mwanafunzi anayepewa "jarida akisi" aliwahi kuiandika shajara akiwa shuleni.