Mlezi wa Yatima Naye Hufundwa



Anapofariki mtu mtaani akaacha watoto wadogo, watu hulia nao, na matanga yakisha watoto hugawanywa: huyu kwa ami yake, huyu kwa khaloo wake, huyu kwa bibi. Kisha husemwa, "Mungu atawalea." Ni kweli, Mwenyezi Mungu ndiye Mlezi wa viumbe vyote. Lakini ni nani katika sisi aliyekaa na yule ami akamfunza namna ya kumlea mtoto aliyefiwa? Twadhani huruma yatosha. Tarehe ya Uislamu haituambii hivyo.

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa yatima. Baba yake, Abdallah, alikufa kabla yeye hajazaliwa. Mama yake, Amina, alifia Abwaa, baina ya Makka na Madina, naye Mtume ana miaka sita. Alipofika miaka minane akamfia babu yake, Abdul-Muttalib, akachukuliwa na ami yake, Abu Talib, mtu wa watoto wengi na mali kidogo. Basi amri za kuwatunza yatima zilipokuja, zilifikishwa na mtu aliyeuonja uyatima yeye mwenyewe.

Tazama sasa Masahaba walivyofundwa. Ibn Abbas (R.A.) amesimulia kuwa ilipoteremka aya ya kuwaonya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma, nayo ni aya ya 10 katika Sura An-Nisaa, waliokuwa na yatima majumbani mwao waliingiwa na khofu kubwa. Wakatenga chakula cha yatima mbali na chao, na kinywaji chake mbali na chao. Kikibaki, huwekewa yeye mpaka akile au kioze. Jambo hili likawaelemea, wakamwendea Mtume (S.A.W.) kumweleza. Ndipo ikateremka aya ya 220 ya Sura Al-Baqara, kuwajulisha kwamba jambo bora ni kuwatengenezea yatima mambo yao, na kwamba wakichanganyika nao katika maisha, hao ni ndugu zao. Na Mungu anamjua anayeharibu na anayetengeneza.

Zingatia jambo hili, ndugu yangu. Watu wale hawakupungukiwa na ucha Mungu. Walilokuwa wakilihitaji ni elimu ya kulea. Mtoto aliyekula peke yake mali yake ilikuwa salama, lakini alikaa ndani ya nyumba kama mgeni. Wahyi ukawafunza kuhifadhi mali na moyo pamoja. Na aya ya 6 ya An-Nisaa ikawapa utaratibu: mlezi tajiri ajizuilie na mali ya yatima, masikini atumie kwa kadiri inayokubalika, mtoto ajaribiwe mpaka akomae, na siku ya kumkabidhi mali yake wawepo mashahidi.

Wanavyuoni waliokuja baadaye hawakuiacha njia hiyo. Kairawan, katika nchi iitwayo leo Tunisia, Muhammad bin Sahnun, aliyefariki mwaka 870, alikusanya kitabu cha adabu za walimu. Humo mwalimu anakatazwa kumpiga mtoto kwa hasira, anawekewa mpaka wa fimbo, na anaamrishwa kumsawazisha mtoto wa masikini na wa tajiri. Yaani yapata miaka elfu na mia moja na hamsini iliyopita, Waislamu walikwisha kuona kuwa anayekabidhiwa watoto hana budi kufundwa kwanza.

Huko Kairo nako, Sultani Qalawun alipojenga majengo yake mashuhuri mwaka 1284 na 1285, pamoja na hospitali aliweka chuo cha yatima. Na mwaka 1479 Sultani Qaitbay akajenga nyumba ambayo chini yake ni sabili ya maji kwa wapita njia, na juu yake chuo cha watoto. Katika hati nyingi za wakfu za zama hizo hutajwa mikate ya watoto, nguo zao, na pia sifa za mwalimu: awe amehifadhi Qurani, mwenye tabia njema na mpole kwa watoto. Waliotoa mali hawakuona kwamba jengo na chakula vyatosha.

Huenda ukasema: hayo ni ya Waarabu na ya zamani. Basi rudi hapa pwani. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya waliona watoto wa masikini wanaachwa nyuma shuleni, wakamwomba Aga Khan msaada. Mwaka 1986 kazi ikaanza Mombasa, na mwalimu mmoja, Bi Swafiya Said, akawa anawafundisha wanawake wa mitaa hiyo hiyo namna ya kukaa na watoto wadogo: kuwasikiliza, kuwachezesha kwa vitu vinavyopatikana nyumbani, na kuwafunza dini na elimu ya dunia pamoja. Mwaka 1990 mpango ukafika Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda. Waliofundwa walikuwa mama na dada wa mitaani, si wageni kutoka mbali.

Leo Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaitambua kafala, malezi ya mtoto kwa njia ya Kiislamu. Lakini sheria haiwezi kumfunza mtu jinsi ya kumjibu mtoto anayelia usiku akimwita mama yake.

Basi nakuuliza wewe unayesoma: yatima aliyeko nyumbani kwako, anakula sahani moja na wanao, au hupewa kilichobaki? Urithi wake umeandikwa, au umo kichwani mwako tu? Na fimbo, humwangukia nani kwanza? Kama majibu yanakuonea haya, usikate tamaa. Masahaba nao walikwenda kuuliza. Na wasimamizi wa misikiti wetu, je, hawawezi kuweka darsa kwa walezi, kama wanavyoweka darsa ya Hija kwa wanaosafiri?

Mtume (S.A.W.) alikutanisha vidole vyake viwili kuonyesha jinsi mlezi wa yatima atakavyokuwa karibu naye Peponi. Cheo kama hicho chastahiki kusomewa. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaotengeneza, wala si katika wanaoharibu. Amin.