Kufuta akaunti kwaweza kukwamisha kazi za hifadhidata

AKAUNTI ya mtumiaji ikifutwa katika hifadhidata ya MySQL, kazi alizozipangia muda hazifutwi pamoja nayo. Hubakia kwenye ratiba, lakini hazitekelezeki.

Kila kazi ya aina hiyo hubeba jina la mmiliki, ambaye kwa kawaida ndiye aliyeiunda, na huendeshwa kwa idhini zake. Mmiliki asipokuwepo, idhini nazo hazipo.

Tuseme fundi wa mradi wa maji mjini Migwani, Kaunti ya Kitui, alipanga ankara za wateja zitayarishwe kila mwisho wa mwezi. Akiacha kazi na akaunti yake ifutwe, ankara zitakoma kimyakimya. Kosa litaandikwa tu katika kumbukumbu za hitilafu za seva.

Tangu toleo la 8.0.22 la mwaka 2020, MySQL hukataa kufuta akaunti kama hiyo, ila anayeifuta awe na idhini maalumu. Huyo huonywa tu.

Kwa hivyo, kabla ya kufuta, msimamizi akague safuwima ya DEFINER katika jedwali la INFORMATION_SCHEMA.EVENTS. Kisha, kwa amri ya ALTER EVENT, aikabidhi kila kazi kwa akaunti ya afisi isiyotegemea mtu mmoja.