Kandy: ziwa la mfalme, mji wa Waingereza

Mgeni wa Kandy, mji wa vilima vya katikati ya Sri Lanka, huanzia ziwani. Ukingoni limesimama hekalu linalotunza jino la Buddha, na jirani yake ni Queen's Hotel, jengo jeupe la enzi ya Waingereza. Ni mji mzuri kweli. Ila uzuri huo uligharimu jasho la watu, na hilo halifai kusahaulika.

Ziwa lenyewe ni la kuchimbwa. Palikuwa na mashamba ya mpunga hadi mwaka 1807, Mfalme Sri Vikrama Rajasinha alipoamuru bonde lizibwe, na raia wakatolewa majumbani kwenda kulijenga kwa lazima. Kando yake ukajengwa ukuta mweupe ambao ukingo wake wa juu unapanda na kushuka mithili ya mawingu. Ukiusogelea utaona vishubaka vya pembetatu, safu kwa safu, vilivyotengenezwa kwa ajili ya taa za mafuta. Ukuta huo umelizunguka ziwa nusu tu, kwa sababu ufalme ulianguka kabla haujakamilika.

Waingereza walijaribu kuitwaa Kandy mwaka 1803 wakachapwa vibaya. Mwaka 1815 hawakuhitaji vita kubwa: machifu waliochoshwa na ukatili wa mfalme waliwafungulia njia. Machi 2, katika ukumbi wa baraza wenye nguzo za mbao zilizonakshiwa, ambao upo hadi leo, mkataba wa kuukabidhi ufalme kwa Waingereza ulisomwa. Machifu walitaka kumwondoa mtu mmoja. Wakaupoteza ufalme wote. Walipoasi miaka miwili baadaye, walizimwa kwa moto na njaa. Rajasinha alipelekwa uhamishoni Vellore, India, akafia huko mwaka 1832.

Wenye mji wapya walikigeuza kisiwa kilichomo ziwani kuwa ghala la baruti. Reli kutoka Colombo ilifika mwaka 1867, mwaka uleule Mskoti James Taylor alipoanza shamba la chai huko Loolecondera, si mbali na hapo. Wachumaji wa chai hiyo walikuwa Watamil walioletwa kutoka kusini mwa India.

Vita Kuu ya Pili iliifikisha habari hii hadi kwetu. Mwaka 1944 Lord Mountbatten, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika Kusini-Mashariki mwa Asia, alihamishia makao yake makuu Peradeniya, kwenye bustani ya mimea nje kidogo ya Kandy. Wakati huo askari wa King's African Rifles, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, walikuwa wamekwisha kufanya mazoezi katika kisiwa cha Sri Lanka, wakisubiri kupelekwa kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma.